Mtu akishakupima kwa rangi kabla hujafungua mdomo, mnafanyaje?

Kijana_wa_Tanga: Wakuu, shikamooni wakubwa zangu. Niko Minnesota, Marekani, mwaka wa pili sasa, nasoma uhandisi wa umeme. Kinachonichosha ni hiki, kila kazi ya grupu mi napewa kutengeneza slaidi, mahesabu wanagawana wenyewe, na wiki iliyopita maabara nimeshika mita nataka kupima volti jamaa kaichukua mkononi mwangu taratibu tu eti ngoja nikusaidie, halafu akaniuliza kama nakimbia marathoni. Nikanyamaza. Kibaya na mimi nimeanza kujiona sijui kweli, nikikosa swali moja najiambia si ndo hicho wanachosema. Mlioishi huku mlitokaje?

Mzee_wa_Eldoret: Pole sana ndugu. Mi Mkenya, hiyo ya marathoni nimeulizwa mpaka na dereva wa teksi. Mcheki Julius Yego, huko kwetu Bonde la Ufa mtoto anaangaliwa miguu kwanza, yeye akashika mkuki, akawa anajifunza kwa kutazama video za YouTube. 2015 Beijing akarusha mita 92.72, bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata Rio akabeba medali ya fedha.

MamaZai: Marahaba mwanangu. Mae Jemison amekulia hapa hapa Chicago, chekechea alisema anataka kuwa mwanasayansi mwalimu akamuuliza si unamaanisha nesi? Mtoto hakubadilisha neno. Septemba 1992 akaruka na chombo cha anga cha Endeavour, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, na Kiswahili anakijua. Hiyo mita usiiachie tena baba. Sema "subiri nimalize", sauti ya kawaida, wala usichekecheke.

Fundi_Kimya: Sawa ila tusimtwishe dogo mzigo wote, kosa ni la hao jamaa sio lake. Dogo nenda kwa profesa, omba kazi za grupu zigawanywe kwa maandishi, nani hesabu nani slaidi, na kila mtu azunguke. Mi nilichelewa kuomba hivyo mwaka mzima, inaniuma mpaka leo.

Kijana_wa_Tanga: Asanteni sana. Profesa naenda Jumatatu. Leo maabara jamaa kanyoosha mkono tena, nikamwambia subiri nimalize, moyo unanidunda kweli. Akasubiri. Betri ya volti 12 ikasoma 11.4 tu, imekwisha chaji, na wao siku zote hizo walikuwa wanabadilisha kapasita (kile kifaa kidogo cha kutunza chaji kwenye saketi) wakidhani ndiyo mbovu.