Dan Kelly na joho la kuvaa na kuvua, Wisconsin mnatuchezea akili

Wakuu habari za jioni. Naomba nitoe ya moyoni maana toka asubuhi nimefura kama andazi. Kuna jamaa kwenye grupu letu la Waswahili wa huku Milwaukee katuma voice ya dakika nane, dakika nane jamani, anamsifia Daniel Kelly, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo letu hili la Wisconsin huku Marekani, kwamba ni "jaji mzalendo aliyeonewa na vyombo vya habari". Nimeisikiliza yote nikiwa kwenye basi natoka shift ya usiku. Nikashindwa hata kulala.

Sasa kabla hamjanirukia. Mi sina tatizo na mtu kuwa mhafidhina. Baba yangu mzazi ni mhafidhina kuliko hao wote, na mzee hajawahi kumkosea mtu. Tatizo langu ni mtu kuwa wakili wa chama cha Republican, akapewa joho la ujaji, akalivua, akarudi kuchota hela za chama, alafu anarudi tena mlangoni anataka lile lile joho kana kwamba alilisahau kwenye kiti. Hilo ndo linanichoma.

Kwa wasiomjua. Kelly kazaliwa California, kakulia Colorado, akaja kusoma Carroll College pale Waukesha, sheria kaenda kuchukua Regent University kule Virginia, chuo cha mhubiri Pat Robertson. Akarudi Wisconsin akafanya uwakili miaka mingi kwenye ofisi kubwa ya mawakili hapa Milwaukee. Na moja ya kesi alizosimamia ni ya ile mipaka ya majimbo ya uchaguzi iliyochorwa 2011, aliwatetea wabunge wa Republican mahakamani. Akawa pia rais wa tawi la mawakili la Federalist Society, ule umoja wa wanasheria wahafidhina, hapa mjini. Mpaka hapo hakuna kosa lolote, wakili anatetea mteja wake, ndo kazi.

Mwaka 2016 jaji David Prosser akastaafu katikati ya muhula. Gavana Scott Walker akamteua Kelly ajaze nafasi. Mtu ambaye hajawahi kukaa kiti cha uhakimu hata siku moja, hata wa kesi za mbwa kung'ata watu, karushwa moja kwa moja Mahakama ya Juu ya jimbo, majaji saba tu, mwisho wa rufaa zote! Na kwenye makaratasi ya maombi yake ndo yakatoka yale maandishi, kwamba utumwa na ule utaratibu wa kuwapa watu weusi upendeleo wa ajira na vyuo vinatofautiana kwa kiwango tu ila mzizi wake ni mmoja. Nilivyosoma hiyo nikamsomea mke wangu kwa sauti jikoni, akaacha kukatakata vitunguu akanitazama, akasema rudia. Nikarudia. Akaendelea na vitunguu vyake.

Alafu sheria ya huku inasema uchaguzi wa Mahakama ya Juu ni kiti kimoja kimoja kwa mwaka, na miaka iliyofuata yote ilikuwa na kiti cha mtu mwingine, kwa hiyo yeye hakutakiwa kuja kuomba kura mpaka 2020. Miaka minne ya bure.

Na humo ndani sio kwamba alikaa kimya, kalamu anayo, nisimnyime haki yake. Ile kesi ya 2017 ya mabasi ya Madison yeye ndo aliandika hukumu, kwamba jiji halina ruhusa ya kukataza abiria mwenye kibali kupanda na bunduki. Shemeji yangu anapanda basi hilo kila asubuhi na mtoto mgongoni, basi tu. 2018 akaandika kwenye kesi ya Tetra Tech, kwamba mahakama isiwe inakubali tu jinsi idara za serikali zinavyotafsiri sheria, ijisomee yenyewe. Hiyo hata mi ukiniuliza naona ina mantiki yake, idara za huku nazo zinajifanya miungu. Lakini mwaka ule ule wa 2017 majaji wastaafu 54, nasema hamsini na nne, watu wazima na mvi zao, walipeleka ombi mahakamani kwamba jaji aliyechangiwa hela nyingi za kampeni na mtu mwenye kesi mbele yake ajitoe kwenye hiyo kesi. Kitu cha kawaida kabisa, hata kwenye baraza la ukoo mjomba wa bwana harusi hapewi kuamua mahari. Ombi likatupwa 5 kwa 2. Kelly yumo kwenye watano.

Basi tufike 2020 maana hapo ndo kidonda changu kilipo.

Januari ile Trump alikuja Milwaukee kwenye mkutano wa hadhara akamsifia Kelly jukwaani na kusema anamuunga mkono. Na karatasi ya kura ya majaji huku haina jina la chama eti, "uchaguzi usio wa vyama", usanii mtupu. Uchaguzi tarehe 7 Aprili. Korona imepamba moto, watu wanakufa hapa Milwaukee tena weusi wenzetu ndo wengi, makanisa yamefungwa, shule zimefungwa, jimbo lenyewe liko chini ya amri ya kukaa ndani. Gavana Evers wa Democratic siku moja kabla akatoa amri uchaguzi usogezwe, bunge la Republican likakimbilia Mahakama ya Juu ya jimbo, jioni ile ile mahakama ikasema 4 kwa 2 uchaguzi unaendelea. Kelly alijitoa kwenye hiyo maana yeye ndo mgombea, sawa, nampa pongezi yake hapo. Ila wenzake aliokuwa anakaa nao meza moja ndo waliopitisha. Usiku huo huo Mahakama ya Juu ya Marekani nayo 5 kwa 4 ikasema kura za posta lazima ziwe na muhuri wa siku hiyo ya saba.

Sasa mimi karatasi yangu ya posta niliomba mapema na haikufika. Mpaka leo haijafika. Nikaamka na barakoa mke wangu kashona kwa kipande cha kitenge, nikaenda. Mji huu kawaida una vituo kama 180. Siku ile vilifunguliwa VITANO. Vitano kwa mji wa watu karibu laki sita!! Kituo changu kilikuwa shule ya sekondari, mstari umetoka mlangoni umezunguka uwanja umeingia mtaa wa pili, watu wameachana hatua mbili mbili ndo maana ukawa mrefu vile, mbele yangu mzee mmoja wa Kiamerika mweusi kaja na kiti cha kukunja, anakaa, mstari ukisogea anasimama anakikunja anasogea anakikunjua tena anakaa. Nilimhesabia mpaka nikachoka. Mchana mvua ikaja na mawe ya barafu madogo madogo yanapiga kwenye mabati ya gari zilizopaki ta ta ta, hakuna aliyetoka kwenye mstari. Mzee akafunika kitambulisho chake kwa mfuko wa nailoni maana bila kitambulisho chenye picha humo ndani hupigi. Nilisimama zaidi ya masaa mawili na nusu.

Alafu narudi nyumbani nafungua simu nakutana na Robin Vos wa Republican, spika wa bunge la jimbo wakati huo, yuko kwenye kituo kule Burlington kavaa barakoa, glavu, na gauni la hospitali kama anaenda chumba cha upasuaji, anawaambia watu ni salama kabisa kutoka nje. We baba! Kama ni salama hilo gauni la nini sasa?

Matokeo yakatoka baada ya wiki, mpinzani wake Jill Karofsky kampiga Kelly kwa zaidi ya kura laki moja na sitini elfu. Tukashangilia kimya kimya ndani maana hatuwezi hata kutembeleana.

Mnadhani ndo kaondoka? Muhula wake ulikuwa unaisha mwisho wa Julai. Tarehe 13 Mei, mwezi mmoja tu toka tumemkataa, mahakama ikafuta amri ya kukaa ndani, 4 kwa 3, na kura ya nne ni ya nani? Ya mtu ambaye tumeshamwambia kwaheri! Hata Brian Hagedorn ambaye naye mhafidhina na aliteuliwa mahakama ya rufaa na Walker huyo huyo, alikataa kuungana nao. Kelly akaungana na juu yake akaandika maoni yake ya ziada. Usiku ule baa zikajaa watu, picha mliziona. Kisheria alikuwa na haki, najua, mtu anafanya kazi mpaka siku ya mwisho. Ila nikakumbuka yule mzee na kiti chake nikasema duh.

Baada ya hapo joho chini. Na hapa ndo yule jamaa wa voice alipita kimya kama hajui. Kelly alilipwa na chama cha Republican, cha jimbo na cha taifa, karibu dola laki moja na ishirini elfu kwa ushauri wa mambo ya uchaguzi. Na Andrew Hitt, aliyekuwa mwenyekiti wa chama jimboni, aliiambia ile kamati ya Bunge iliyochunguza uvamizi wa Bunge la Marekani wa Januari 6, 2021 kwamba yeye na Kelly waliongea kwa kirefu kuhusu wale wajumbe bandia kumi waliokwenda kusaini karatasi kwamba Trump kashinda Wisconsin 2020 wakati Biden ndo kashinda. Upande wa Kelly wakasema yalikuwa mazungumzo mafupi tu, sio yeye aliyepanga. Sawa, tuseme mafupi. Mwaka 2023 mtu huyo huyo kasimama mbele yetu anasema nipeni joho niwe jaji asiyeegemea upande wowote. Aisee.

Na mi sio kipofu, upande wa pili nao. Mpinzani wake 2023, Janet Protasiewicz, alichotewa mamilioni na chama cha Democratic, na kwenye kampeni aliongea waziwazi kuhusu utoaji mimba na kwamba mipaka ya majimbo imechakachuliwa, Kelly akamshambulia kwamba jaji hatangazi hukumu kabla ya kesi. Alikuwa na hoja! Tatizo hoja ilitoka kwenye mdomo wa mtu aliyeitetea mipaka hiyo mahakamani kwa malipo, huku kundi la bilionea Richard Uihlein linamwaga mamilioni kwenye matangazo ya kumpigia debe. Mwanangu wa miaka saba alikuwa anayajua hayo matangazo kwa moyo kuliko sala ya usiku.

Akapigwa tena. Zaidi ya kura laki mbili safari hii. Na pale Green Lake akasimama kutoa hotuba ya kukubali matokeo, yaani badala ya kusema hongera akasema angependa kumkubalia mpinzani anayestahili ila hana mpinzani anayestahili, akatutakia Wisconsin bahati njema maana tutaihitaji. Wahenga wa kwetu walishasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na huyu anataka kuitwa mshindani na jaji kwa wakati mmoja.

Mjomba wangu Tanga nilipomweleza haya kwenye simu alinisimamisha kwanza, "yaani huko majaji wanapigiwa kura? Na wanabandika picha?" Ndio mjomba, wanabandika picha. Akacheka mpaka akakohoa. Kwetu Rais anateua na tunalalamika kivyetu, sijasema ni bora. Ila 2025 hapa kiti kimoja cha mahakama kimekula karibu dola milioni mia, Elon Musk kaja Green Bay na kofia ya jibini kichwani anagawa hundi za milioni moja moja, na mgombea wao wa kihafidhina Brad Schimel bado kashindwa. Ombi la wale majaji 54 lingepita 2017 nusu ya hizo hela zisingekuwa na sababu ya kuja.

Kwa hiyo wewe jamaa wa voice, unajijua. Siku ile ya mvua ya mawe wewe ulikuwa Kenosha kwa shemeji yako unachoma nyama, ulituma picha mwenyewe kwenye grupu, bado ninayo. Usiniambie nani kaonewa. Na ukitaka kunijibu andika, sisikilizi tena dakika nane za mtu.