Kutenga mtandao wa ofisi kwa idara: ruta tatu au VLAN?

klia_wa_pwani
Salaam wadau. Ofisi ya uwakala wa forodha, Moi Avenue, orofa mbili, kompyuta 38, kamera 8 na Wi-Fi. Vyote viko mtandao mmoja, 192.168.1.0/24, kwa hivyo mteja akiketi mapokezi na laptopu yake anaziona printa na folda za uhasibu. Mkubwa ataka kila idara iwe kivyake. Ninunue ruta tatu? Kila orofa ina swichi ya milango 24, zote za kusanidi.

fundi_swichi
Ruta tatu za nini? Utapata NAT (ruta kubadilisha anwani) juu ya NAT na printa isiyofikika na nusu ya ofisi. Swichi ulizo nazo zatosha. Zigawe kwa VLAN, yaani mitandao pepe iliyotengana ndani ya swichi ileile: VLAN 10 uhasibu, 20 forodha, 30 printa, 40 kamera, 50 wageni, 99 usimamizi. Anwani zifuate namba hizo: 10.20.10.0/24, 10.20.20.0/24 na kuendelea. Ukiiona IP wajua ni ya nani.

Anza na ruta: kila VLAN ipewe anwani ya .1 na DHCP yake (ya kugawia kompyuta anwani), .100 hadi .199. Swichi ya chini, mlango wa 24 uende kwa ruta na wa 23 uende swichi ya orofa ya juu; yote miwili iwe tranki, yaani ibebe VLAN zote, kila moja ipite na lebo ya namba yake. Milango ya kompyuta iache mwisho. VLAN 1, ile ambayo swichi huja nayo, usiiguse mpaka uwe umeingia kwenye swichi kupitia 99, la sivyo utajifungia nje.

Panapokwamisha wengi ni PVID, namba ya VLAN ambayo mlango huipa data inayoingia bila lebo. Kwenye swichi za bei nafuu, kuutia mlango VLAN 10 bila lebo hakutoshi. PVID nayo lazima uiweke 10. Ukiisahau, ombi la kompyuta laingia VLAN 1, jibu halirudi, na kompyuta yajipa anwani ya 169.254, dalili ya kukosa DHCP. Watu hubadilisha kebo bure.

bandari_net
Naongezea: VLAN peke yake haizuii kitu, maana ruta itapitisha baina ya zote. Andika sheria za kuruhusu na kuzuia kwenye ruta, na zasomwa kutoka juu kwenda chini. Kwanza ruhusu majibu ya mawasiliano yaliyokwisha kuanza. Uhasibu na forodha ziruhusu kwenda VLAN 30, TCP 9100 na 631, namba za kuchapishia. Kisha zuia wageni kwenda anwani zote za ndani: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Printa ipe IP ya kudumu na uiongeze kwa mkono, kwani mDNS, njia ya vifaa kujitangaza, haivuki VLAN na haitajitokeza yenyewe.

klia_wa_pwani
Shukran sana. Na kile kiswichi cha milango 5 chini ya meza ya mapokezi? Pana kompyuta ya forodha, ya uhasibu na kisambazaji cha Wi-Fi.

fundi_swichi
Kama hakisanidiwi, kitoe. Kompyuta zote mbili zitaangukia VLAN moja. Vuta kebo nyingine, au weka kidogo cha kusanidi. Mlango wa kisambazaji uwe tranki: 99 bila lebo, 50 na lebo. Na ukivua plagi uangalie meno yake. Hewa ya chumvi huyatia kutu ya kijani, kasi ikashuka hadi 100 Mbps.

bandari_net
Ukimaliza, shika simu, ingia Wi-Fi ya wageni, fungua 10.20.50.1. Ukurasa wa kuingia kwenye ruta ukitokea, sheria zako zazuia yanayopita ndani ya ruta tu, si yanayoielekea yenyewe. Hizo ni orodha mbili tofauti. Kwa wageni, ya pili iachie DNS (ya kutafuta anwani za tovuti) na DHCP peke yake.