Mlimani ya sasa ikoje?

Wakuu, salaam. Nilimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), pale Mlimani, 2009, sasa binti yangu anaanza mwaka wa kwanza. Enzi zangu niliacha daftari mezani kushikia kiti maktaba. Siku hizi je?

Mdau 1: Mkuu, maktaba mpya ile waliyojenga Wachina ilifunguliwa 2018, inachukua watu 2,100 kwa wakati mmoja. Mimi nakaa dirishani, nasoma mpaka macho yaume!

Mdau 2: Malazi, aulizie mapema hosteli za Magufuli. Zilifunguliwa 2017, majengo 20, wanafunzi 3,840. Abebe ndoo na kufuli lake.

Muuliza swali: Asanteni sana, mmenitoa wasiwasi. Ukumbi wa Nkrumah bado upo?

Mdau 1: Upo, mzee wangu. Mpitishe hapo kwanza.