Naomba ushauri: kuondoa miti ya zamani ya paa, chumba cha juu Mji Mkongwe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumba yetu ya urithi ipo Mji Mkongwe, Unguja, kuta za mawe na chokaa. Ghorofa ya juu kabisa, chini ya bati, wazee walishaigeuza chumba cha kulala. Mitambaapanya mitatu, yaani miti ya paa inayolala kutoka ukuta hadi ukuta, inakatiza chumba usawa wa kichwa, na mmoja umeliwa na mchwa pale unapoingia ukutani. Ukiugonga kwa nyundo unalia mtupu.

Fundi anasema tukate tu, bati jepesi. Mimi roho haitulii. Ninavyoelewa, miti ile inazifunga kuta mbili zisisukumwe nje na makombamoyo (miti ya mteremko inayobeba bati), na ukuta wa chokaa hauvumilii kusukumwa. Ufa tayari upo juu ya dirisha.

Waliowahi kufanya kazi hii, mliegemeza vipi? Jeki za chuma zitasimama juu ya sakafu ya boriti za mikoko, nazo ni kuukuu vilevile. Nishushe nguzo hadi ghorofa ya chini, au mbao pana za kutawanya uzito zinatosha? Na naweza kufunga mti mpya juu kidogo kwanza, ndipo nitoe wa zamani, mmoja mmoja? Au vyuma vya kufungia kuta ni bora?

Kibali cha Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe nitaomba, hilo halina mjadala. Mwenye kumjua mhandisi aliyezoea nyumba hizi, siyo za zege tu, anielekeze tafadhali. Natamani paa lifungwe kabla ya masika.