Mrejesho: Wakala wa AI aliyekuwa anarukia majibu

Wakuu, niliuliza kuhusu wakala wangu wa AI (programu inayofanya kazi yenyewe kwa kutumia modeli ya AI) anayelinganisha miamala ya simu na daftari la mauzo ya duka: anarukia jibu bila kupitia hatua. Mkanishauri niweke Sequential Thinking, zana ya kuandikia mawazo hatua kwa hatua, kupitia MCP (itifaki ya kuunganisha AI na zana za nje). Nimeiweka, na mambo yamebadilika.

Kilichonishangaza, zana yenyewe haifikirii chochote. Modeli inaiandikia wazo, namba yake, makadirio ya jumla ya mawazo, na kama bado kuna jingine. Zana inatunza tu. Ila huko kulazimishwa kuandika ndiko kunakoituliza modeli. Juzi wazo la 3 lilidai mteja amelipa mara mbili, maana mistari miwili ilikuwa na namba moja ya muamala. Kufika la 5 ikaweka alama ya marekebisho na kutaja kabisa kwamba inasahihisha la 3: mstari wa pili ni makato. Zamani hapo ningeshapewa ripoti ya uongo, tena kwa kujiamini!

Tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma na kuandika) zinaliwa, sikatai, na majibu yanachelewa. Kwa maswali mepesi naizima. Aliyeshauri modeli inayofikiri yenyewe kwa ndani, nitaijaribu, ingawa mimi napenda kuziona hatua kwenye logi (kumbukumbu za programu).