Wauza viatu vya baiskeli Arusha na Moshi: mnauliza namba ya mguu, pedeli hamuulizi. Hela zetu zinaliwa!

Heshima kwenu wakuu.

Nina hasira na sitaificha. Uzi huu unawahusu wanaotuuzia viatu vya baiskeli za milimani huku kaskazini, wa madukani na wa mtandaoni. Kama unauza na unaijua kazi yako, tulia, sikusemi wewe.

Dogo mmoja tunayefanya naye kazi ya kuongoza watalii wa baiskeli alijichanga mpaka akafikisha laki mbili na themanini, akaagiza viatu kwa muuzaji wa mtandaoni. Jina silitaji, msije PM kuniuliza. Meseji alizomwandikia nimezisoma zote kwenye simu yake. Alieleza kila kitu: baiskeli ni MTB (ya milimani), pedeli ni za SPD (zile za klipu, zinazonasa kliti, kipande kidogo cha chuma kinachofungwa chini ya kiatu), nataka kiatu cha kuingia hapo. Jibu: "Vipo kaka, og kabisa, lipia tutume leo." Swali pekee aliloulizwa ni anavaa namba ngapi.

Mzigo umefika, kageuza soli, anakuta matundu matatu yamekaa pembetatu. Soli nyeupe, ngumu, imeteleza kama sahani, haina hata jino moja la kukanyagia. Kiatu cha baiskeli ya lami! Kampigia muuzaji, kaambiwa viatu vya klipu vyote ni sawa. Kamwambia kliti yangu ina bolti mbili na soli yako ina matundu matatu, zinaingiaje? Kaambiwa ampelekee fundi atoboe.

Atoboe! Wakuu, hebu kaeni na hilo neno. Kiatu halali cha MTB kina mifereji miwili mirefu kwenye soli, na ndani yake kuna kibati chenye nati ambacho bolti zinashikia, ndiyo maana unaweza kusogeza kliti mbele au nyuma mpaka ikae sawa na mguu wako. Kiatu cha lami hakina hicho kitu mahali pale. Ukitoboa plastiki au kaboni ukapitisha bolti, itashika wiki, halafu italegea. Na bolti ya kliti ikilegea ndiyo hatari yenyewe: unazungusha kisigino ili uchomoke, kiatu kinazunguka, kliti imebaki palepale ndani ya pedeli. Mguu hautoki. Uko kwenye mteremko, kuna mtaro kulia, mtalii yuko nyuma yako. Mtu aliyetoa ushauri huo alikuwa anamtuma mtoto wa mwenzake akavunjike.

Alipodai hela yake akajibiwa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", na baada ya hapo akapigwa block.

Sasa nisikilizeni nyie wauzaji, kwa sababu hili jambo si gumu kiasi cha kushindwa kulijua mtu unayekula kwa kuuza viatu hivi.

Pedeli za klipu za lami za siku hizi zilianza na kampuni ya Look ya Ufaransa mwaka 1984. Mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa nazo, dunia nzima ya lami ikafuata. Kliti zake ni kubwa, za plastiki, zinafungwa kwa bolti tatu na zimetokeza nje ya soli. Mtu wa lami hatembei, anapanda baiskeli mlangoni na kushuka mlangoni. Mwaka 1990 kampuni ya Shimano ya Japani wakaleta SPD kwa ajili ya milimani: kliti ndogo ya chuma, bolti mbili, imezama ndani ya soli ili ukishuka ukanyage mpira na si chuma. Hayo yamejulikana kabla dogo hajazaliwa. Halafu mwaka huu mtu mwenye ukurasa wa biashara anasema vyote ni sawa.

Na msidhani kutembea ni jambo dogo. Anayejua Kilimanjaro anajua njia ya Kilema ndiyo iliyofunguliwa kwa baiskeli, na huko kuna vipande unashuka unasukuma, upende usipende. Nenda milima ya Usambara wakati wa masika, upande wa Lushoto, uone ule udongo mwekundu. Ukiwa na soli isiyo na meno pale unalala chini na baiskeli juu yako. Kiatu cha klipu cha milimani lazima kiwe na meno ya mpira mbele na kwenye kisigino, na nafasi ya kutosha kuzunguka kliti ili matope yapate pa kutokea. Nafasi ikiwa finyu, tope linajaa, kliti haiingii kwenye pedeli, unabaki unapigapiga mguu katikati ya njia.

Haya, huo ni upande wa klipu. Upande wa flati, yaani pedeli bapa zisizonasa kiatu, ndiko wanakotuibia kimyakimya, kwa sababu wengi hawajui kama wameibiwa.

Pedeli flati ya maana ina pini za chuma, ndizo zinazoshika kiatu. Kwa hiyo kiatu chake kinatakiwa kiwe na soli tambarare, mpira laini unaong'ang'ania pini, na ndani pawe na ugumu wa kutosha ili unyayo usijikunje juu ya pedeli. Wenzetu Five Ten walianza California mwaka 1985 wakitengeneza viatu vya watu wa kupanda miamba. Mpira wao wa Stealth, uliotengenezwa ushike jiwe, ndio uliokuja kuwapa jina kwa waendesha MTB, mpaka Adidas wakainunua kampuni mwaka 2011. Siku hizi wapo na wengine wengi wanaotengeneza soli nzuri. Siri yote iko kwenye mpira.

Kwetu mnauza nini? Raba za kukimbilia zenye soli ya sponji, zimebandikwa maneno "MTB FLAT PEDAL SHOES" kwenye picha. Sponji ile pini zinaitoboa na kuimega, baada ya muda mfupi soli inaonekana imetafunwa. Tena inajikunja, mguu unauma katikati ya unyayo, vidole vinakufa ganzi, na mtu anadhani mwili wake ndio mbovu. Ukiruka kidogo tu mguu unachomoka, pedeli inarudi na pini zake inakukwangua muundi. Anayeongoza watalii kwa baiskeli mtazame miundi yake mkiwa mmekaa, utaelewa ninachosema.

Kuna uongo wa tatu, huu wa "hiki kinaingia kote, flati na klipu". Hapana jamani. Kiatu cha klipu kina tundu katikati pale pale ambapo pini zinatakiwa zishike, na mpira wake kwa kawaida ni mgumu kwa sababu kazi ya kushika imeachiwa kliti. Ukikipanda kwenye flati kinaelea. Vipo viatu vya klipu vyenye soli pana na mpira unaoshika kidogo, vya watu wa kuteremka, hivyo vinakuvusha ukiwa safarini. Lakini kumuuzia mtu kiatu kigumu cha mashindano ya XC (mbio za nyika) na kumwambia akatumie kwenye flati, ni kumdanganya mchana kweupe.

Kliti nazo. Kiatu kipya kikija kwenye boksi kwa kawaida hakina kliti, kliti zinakuja na pedeli. Sawa, lakini semeni hivyo kabla ya kupokea hela! Na mkiuza kliti pembeni, ulizeni pedeli ni ya nani. Kliti za Crankbrothers, kampuni nyingine ya pedeli, haziingii kwenye pedeli za SPD, wala za SPD haziingii kwenye Crankbrothers, ingawa zote mbili zina bolti mbili na zinafungwa kwenye kiatu kilekile. Hata ndani ya Shimano kwenyewe kuna SH51, inayochomoka ukizungusha kisigino kwenda pembeni tu, na kuna SH56, inayochomoka kwa pande zaidi ya moja. Anayeanza mpe SH56, atakuwa salama zaidi siku akipaniki. Herufi zimechongwa kwenye chuma chenyewe, mtu anahitaji macho tu kuzisoma. Nimekuta duka linauza zote kwenye kopo moja zimechanganywa, na muuzaji hakuwa na habari kwamba zinatofautiana.

Namba za miguu ndiyo usiseme. "Unavaa 42? Chukua 42." 42 ya nani? Kwenye chati ya Shimano 42 ni mguu wa sentimita 26.5, na 43 ni 27.2. Kampuni nyingine ina yake. Mwambie mteja akanyage karatasi ukutani, kisigino kimegusa ukuta, apige mstari kwenye kidole kirefu, apime, akutumie sentimita. Dakika moja. Kiatu cha klipu kikiwa kikubwa kisigino kinanyanyuka kila ukivuta pedeli, na ukitaka kuchomoka kiatu kinazungukia mguuni badala ya kuzungusha kliti. Ndiyo maana namba si suala la urembo.

Mitumba nayo niiguse kwa sababu najua mtaniambia "nenda kachague mtumba, uache kulia". Mitumba nanunua na nitaendelea kununua, nimeshapata viatu vizuri sana huko. Ila kuna ugonjwa mmoja wauzaji wanaujua na hawausemi. Viatu vingi vina soli ya ndani ya polyurethane, na hiyo ikikaa miaka mingi, hasa penye unyevunyevu, inaoza kutoka ndani hata kama kiatu hakijavaliwa. Nje kinang'aa, kimepigwa brashi, kimewekwa kamba mpya. Unapanda nacho, soli inamomonyoka vipande vipande kabla hujafika nusu ya njia. Kabla hujatoa hela, kunja kiatu kwa nguvu, bonyeza soli pembeni kwa kidole gumba. Ikitoa unga au ikapasuka vinyufa, rudisha. Muuzaji akikukataza kukunja kiatu chake, umeshapata jibu.

Halafu wapo wa kuniambia "vaa sneakers tu, mbona vijana wa Usambara wanaendesha na kandambili". Ndugu yangu, wanaendesha hivyo kwa sababu hawana, si kwa sababu inafaa. Sisi tunalipwa kumfikisha mgeni salama na kurudi salama, kiatu ni kifaa cha kazi sawa na breki. Na anayejinyima miezi kununua kifaa cha kazi anastahili kuuziwa anachokilipia. Dogo mshahara wake unategemea kama watalii wapo, msimu wa mvua anakaa bila kazi. Ile laki mbili na themanini ilikuwa ya kumwezesha kuchukua safari ndefu zinazolipa vizuri. Sasa ana kiatu cha lami ndani ya boksi, na safari anakwenda na raba zake za zamani.

Kwa muuzaji mwenyewe, najua unasoma humu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo inasema mnunuzi akikueleza anataka bidhaa kwa kazi gani, akategemea ujuzi wako, na kuuza bidhaa hizo ndiyo biashara yako, basi bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Dogo alikuandikia kazi na aina ya pedeli. Ukajibu "vipo". Meseji zipo, namba ya muamala ipo, picha za soli zipo, na kiatu hakijafungwa hata kamba. Rudisha hela, uchukue kiatu chako ukamuuzie mtu wa lami, kitamfaa sana.

Kwa wauzaji wengine, ninachodai ni vitu viwili tu. Wekeni picha ya soli kwenye kila tangazo, si picha ya ubavuni peke yake, na muulize "pedeli yako ikoje?" kabla ya kuuliza "unavaa namba ngapi?". Kama jibu la mteja hulielewi, mwambie akutumie picha ya pedeli. Kama na picha huielewi, usiuze.

Na wadau mliouziwa hivi, wekeni hapa chini picha ya soli na mlichoambiwa wakati wa kununua. Majina ya watu msiweke, mods watafunga uzi. Anayemjua muuzaji wa Arusha au Moshi anayekuachia ujaribu kiatu kwenye pedeli yako kabla ya kulipa, amtaje PM, nina watu wanne wanasubiri kununua mwezi huu.