Pakiti imeandikwa "mlo kamili", ndani ni nyama tupu: mbwa wangu mchanga amevunjika mguu

Wanajamvi, salaam. Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mbwa wangu Kito wa miezi mitano, aina ya Maltese, ambaye hajafikisha hata kilo mbili, amelala kizimbani sebuleni kwangu Tabata akiwa na ufa katika mfupa wa mguu wa nyuma. Hakugongwa wala hakupigwa. Aliruka kutoka kwenye kochi kama alivyozoea kila siku, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, kisha akabaki ameuning'iniza mguu.

Wiki saba kabla ya hapo alikuwa akila chakula kikavu cha watoto wa mbwa na alikuwa mzima. Nikavutiwa na tangazo la muuzaji mmoja wa hapa Dar es Salaam (simtaji, mwenyewe anajijua) anayeuza nyama mbichi iliyogandishwa katika pakiti za nusu kilo, zinazoletwa na bodaboda zikiwa na lebo isemayo "Mlo kamili kwa mbwa wa umri wote". Sikukurupuka. Nilimweleza umri wa mbwa, aina yake na uzito wake, naye akanijibu nimshindishe njaa siku nzima ili tumbo lisafike, kisha nianze nyama moja kwa moja.

Ushauri huo peke yake ungeweza kumuua, kwa kuwa mtoto wa mbwa mdogo kiasi hicho hana akiba kubwa ya sukari mwilini. Ilipofika jioni Kito alikuwa anayumba na fizi zimempauka, nikawa nampaka asali kwenye fizi kwa ncha ya kidole huku nikilia. Daktari wa mifugo alinieleza baadaye kwamba chakula cha mbwa hubadilishwa kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, na kwamba mtoto wa mbwa hashindishwi njaa.

Lakini kosa kubwa limo ndani ya pakiti. Baada ya ajali niliyeyusha moja kwenye sinia na kuichambua kwa vidole: nyama ya kusaga, mapupu, ini jingi, na hakuna chembe ya mfupa. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, tena mara kumi na zaidi, ilhali mbwa anayekua anahitaji kalsiamu angalau sawa na fosforasi, au kuizidi kidogo. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, tezi ndogo za shingoni huamuru mwili uichote kutoka kwenye mifupa yake wenyewe. Picha ya eksirei niliiona kwa macho yangu: mifupa imefifia, kingo zake nyembamba kama karatasi.

Nilipomtumia muuzaji picha hiyo, alijibu kwamba mbwa mwitu hula nyama mbichi na hawana daktari. Ndugu yangu, mbwa mwitu anatafuna na mifupa! Hata Ian Billinghurst, daktari wa wanyama wa Australia aliyeueneza ulishaji huu kwa kitabu chake cha mwaka 1993, aliujenga juu ya mifupa mibichi yenye nyama. Sigombani na wanaolisha mbichi kwa kufuata hesabu. Ninagombana na anayeuza nusu ya mlo kwa jina la mlo kamili.

Kuhusu mapupu nayo, nilimuuliza kama yamepimwa machinjioni, hakujibu. Mapafu na maini mabichi yenye vifuko vya maji humpa mbwa minyoo aina ya tegu, na mayai yake hutoka na kinyesi, yakamfikia mtoto wa binadamu anayecheza naye na kumjengea vifuko hivyo hivyo kwenye ini. Mwanangu ana miaka minne. Pakiti mbili nilizipokea saa saba mchana zikiwa zimeshalainika na damu inachuruzika kwenye mfuko, na kugandisha tena hakuui bakteria wa salmonela.

Sidai nirudishiwe hela. Ninadai maneno "mlo kamili" na "umri wote" yatoke kwenye lebo wiki hii, na kila mteja mwenye mbwa aliye chini ya mwaka mmoja apigiwe simu aambiwe kilichomo na kisichokuwemo. Namba zetu unazo zote, kwa sababu ndizo unazotumia kututangazia ofa kila Ijumaa.